Picha bila jina ni nyasi kavu: kusoma Baloji na Mwanza Mujila kutoka Mutshatsha

Wenzangu, siku hizi hakuna kundi letu la WhatsApp lisilokuwa na mtu wa kutuma picha za "Kolwezi ya zamani" au "Mutshatsha ya bazee". Unaona gare, nyumba za matofali, wanaume wamesimama kando ya mabehewa, mama mmoja na beseni kichwani. Chini yake watu wanaandika: "Wakati ule njo kulikuwa maisha." Wengine wanaweka moyo mwekundu. Kesho yake picha nyingine inaingia, ile ya jana imeshazama. Hakuna aliyeuliza hawa watu ni nani, nani aliwapiga picha, mwaka gani, na pale nyuma yao palilimwa nini.

Mimi ni mtu wa agronomia. Sanaa sikuisomea. Lakini ufundi wetu una sheria moja ambayo naona inafaa hapa. Waliopita Faculté d'agronomie wanakumbuka kazi ya herbier: unachuma mmea, unaukausha kati ya magazeti, unaubandika kwenye karatasi, na chini yake unaandika jina lake, mahali, tarehe, aina ya udongo na jina la aliyeuchuma. Ukisahau kuandika, profesa haulizi mengi. Mmea wako, hata uwe mzuri namna gani, ni nyasi kavu tu. Mpelekee mbuzi.

Kwa kipimo hicho nataka tusome kazi za wana wawili wa Lubumbashi ambao wamefanya kazi ya kukumbuka nchi yetu ya shaba kuliko wengi: Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa 1978, na Fiston Mwanza Mujila, mshairi na mwandishi aliyezaliwa 1981, ambaye leo anaishi Graz, Austria. Wengi wetu kazi zao tumeziona kwenye simu tu, kwa sababu maonyesho yanafanyika Bruxelles, Paris au New York kuliko Kolwezi. Si kitu. Tuzisome hivyo hivyo. Ninachotaka kusema ni kifupi: Baloji ametufundisha kuangalia mahali, Mwanza Mujila ametukumbusha kuita majina, na mji unaobadilika kama wetu unahitaji vyote viwili kwenye karatasi moja.

Tuanze na Baloji. Mwaka 2006 alifanya kazi aliyoiita Mémoire. Sisi neno hilo tunalijua kwa namna nyingine: mémoire ni kile kitabu unachoandika ili upate licence, unakitetea mbele ya jury, halafu kinapanda juu ya etajeri na hakishuki tena. Mémoire ya Baloji haikubaki kwenye etajeri. Ilipata zawadi kwenye Rencontres de Bamako, kule Mali, mwaka 2007. Alichofanya ni hiki. Alipiga picha za rangi za mabaki ya Gécamines: mahangari yenye kutu, mashine zilizokufa, viwanja vitupu chini ya mbingu pana. Halafu alichukua picha za zamani, nyeusi na nyeupe, kutoka nyaraka za Union Minière, kampuni iliyoanzishwa 1906 na kutaifishwa 1967 kabla ya kuitwa Gécamines. Akawakata watu waliomo ndani: wafanyakazi weusi waliopangwa mustari mbele ya kamera, wazungu na kofia zao. Akawabandika mbele ya mabaki ya leo.

Uzuri wa kazi ile ni kwamba hakuficha mkasi. Mtu ni mweusi na mweupe, ardhi anayoikanyaga ina rangi. Kivuli chake hakilingani na jua la picha. Ukiangalia muda kidogo unasikia kama wale watu wamerudi kazini asubuhi na kukuta kazi haipo. Hawajui waulize nani. Wanatuangalia sisi. Kuna picha nyingi za magofu duniani, na nyingi zinanichosha, kwa sababu gofu likiwa peke yake linakuwa kama pambo: kutu nzuri, mwanga mzuri, basi. Baloji hakuruhusu jambo hilo. Aliwarudisha wenye jasho lao mahali pa jasho lao, na gofu likageuka kuwa swali kwa aliyelijenga na kwa aliyeliacha.

Lakini hapa njo penye shida ya kwanza, na lazima tuiseme. Picha alizokata zilipigwa na kampuni, kwa faida ya kampuni. Zilipigwa ili kuonyesha mali: hizi ni mashine zetu, hii ni reli yetu, hii ni mikono yetu. Katika nyaraka za namna ile, mara nyingi mzungu ana jina na cheo. Mweusi ana matricule, au hana hata hiyo. Baloji anaweza kuwatoa watu kwenye karatasi ya kampuni, lakini jina ambalo kampuni haikuliandika hawezi kulitoa mahali popote. Kwa hiyo wanarudi kazini, ndiyo, lakini wanarudi bila majina, kama walivyoondoka.

Shida ya pili ni sisi watazamaji. Bazee wetu wa Gécamines wakiona magofu yale wanalia, na wanalia kwa haki. Kulikuwa na mposho kila mwezi, hospitali, shule, uwanja wa mpira, fanfare. Mwanahistoria wa UNILU, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliandika mwaka 2001 kitabu ambacho jina lake peke yake linatosha: watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba ni kampuni. Maonyesho ya Baloji kule New York mwaka 2010 yaliitwa "Wakati mzuri", yaani wakati ule bazee wanaoutamani. Sasa, mtu wa umri wetu, aliyezaliwa wakati Gécamines imeshaanguka, anaweza kuangalia Mémoire na kutoka na hamu ya baba ambaye hakumjua. Anasahau kwamba baba yule ndiye aliyewapanga nkambo zetu mustari na kuwaandika namba. Naona Baloji mwenyewe alijua hatari hiyo, njo maana aliwaweka watu wa zamani kabisa wa mwanzo wa kazi, si familia za miaka ya 1970 zenye redio na baiskeli. Lakini picha haisemi. Inamwachia mtazamaji, na mtazamaji anachagua machozi yaliyo rahisi.

Miaka michache baadaye Baloji alikuja kwetu, akafanya mfululizo ulioitwa Kolwezi. Hapa mbinu ni nyingine. Upande mmoja kuna picha za kambi za ba-creuseurs: mahema ya plastiki, mashimo, udongo mwekundu uliopinduliwa. Upande wa pili kuna mabango yaliyochapwa China, yale mnayoyajua, yanayouzwa sokoni na ambayo mama zetu wanabandika sebuleni: maporomoko ya maji, bustani yenye daraja, magorofa ya vioo. Mtu analala ndani ya plastiki na anaota ndani ya bango, na vyote viwili vinatoka mahali shaba yake inapokwenda. Kwangu hii ni kazi kali kuliko Mémoire, kwa sababu haina huruma ya bei rahisi. Haisemi "zamani kulikuwa vizuri". Inauliza ni nani anayechora ndoto zetu.

Lakini nikiiangalia kwa macho ya mtu wa udongo, kuna kitu kimoja kinakosekana. Lile shimo, kabla halijawa shimo, lilikuwa nini? Kwenye picha unaona hema na unaona bango: unaona leo na unaona ndoto. Huoni jana. Na jana ya sehemu nyingi za Lualaba haikuwa gofu la kampuni. Ilikuwa shamba la mihogo, mahindi, karanga. Ilikuwa mwitu wa miombo ambamo watu walitafuta uyoga wakati wa mvua. Kule Kasulo, quartier ya Kolwezi ambako kuanzia 2014 watu walichimba kobalti ndani ya parseli zao, shimo lilianza pembeni ya jiko, chini ya mpapai. Kumbukumbu ya nchi ya shaba, tukiwaachia wapiga picha na waandishi peke yao, inaanza 1906 na inaanzia mlango wa usine. Sisi wa Mutshatsha, ambao wengi hatukuwa watoto wa kampuni, tunatokea wapi kwenye hadithi hiyo? Tunatokea kama mahali ambapo treni inapita.

Udongo wenyewe una kumbukumbu kuliko nyaraka za Union Minière. Mnalijua ua la shaba? Wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense. Ni mmea mdogo, maua yake yana rangi ya buluu ya zambarau, na unaota pale ambapo udongo una shaba nyingi kiasi cha kuua mimea mingine. Watafuta madini waliufuata ili kujua pa kuchimba. Jambo linalonipendeza zaidi ni hili: watafiti, miongoni mwao François Malaisse aliyefundisha Lubumbashi, walionyesha kwamba mmea ule unaota pia kwenye mahali ambapo watu wa kale waliyeyusha shaba, mamia ya miaka kabla ya mzungu wa kwanza, wakati misalaba ya shaba ilikuwa pesa. Moto umezimika, waliouwasha wamesahauliwa, ila shaba waliyoimwaga imebaki kwenye udongo, na ua linaonyesha: hapa palikuwa na kazi. Hiyo nayo ni picha, na haikupigwa na kampuni. Bahati mbaya milima yenye maua yale njo ile ile inayochimbwa leo.

Sasa tuje kwa mshairi. Watu wengi wanamjua Mwanza Mujila kwa riwaya yake Tram 83, iliyotoka Paris mwaka 2014. Ni kitabu cha mji wenye migodi, wenye gare isiyomalizika, wenye bar moja ambamo wote wanakutana: wachimbaji, wanafunzi, malaya, watalii wa kutafuta faida, wanajeshi wa zamani. Mji hauna jina. Aliyekaa Lubumbashi au Kolwezi anautambua kwenye ukurasa wa kwanza. Maandishi yake yanakwenda kama muziki wa jazz, na yanajaa orodha: ukurasa mzima wa aina za watu, kazi zao, sauti zao. Ninazipenda orodha zile, zinachekesha na zinachosha kama mji wenyewe unavyochosha saa sita za usiku. Lakini tazama vizuri: ni orodha za aina. Wachimbaji, wanafunzi, watalii. Mtu anakuwa kundi lake. Kwa hilo riwaya inafanana na nyaraka za kampuni kuliko inavyotaka kukubali. Nayo inapanga watu mustari.

Mshairi yule yule ana upande mwingine, na kwangu njo wenye nguvu: kasala. Wenzangu Baluba wataniruhusu nieleze kwa wengine. Kasala ni utungo wa mdomo wa Kiluba, wa kumwita mtu. Unaimbwa kwenye matanga, unaimbwa kwenye furaha. Mwenye kasala hasemi tu "wewe ni mtu mzuri". Anakuita kwa jina lako, kwa jina la baba na la nkambo, kwa mto wa kwenu, kwa mnyama wa kwenu, kwa mambo waliyofanya waliokutangulia, mpaka wewe uliyesimama pale peke yako unajikuta mmesimama watu mia. Mwaka 2021 Mwanza Mujila alitoa kitabu cha mashairi chenye neno hilo kwenye jina lake, kasala kwa ajili ya Kaku, yaani nkambo yake. Kasala nayo ni orodha, kama zile za Tram 83, lakini imegeuzwa: orodha ya majina, siyo ya aina. Ukitoa jina moja, utungo unavunjika, kwa sababu kila jina limeshikilia lililo juu yake.

Baloji na Mwanza Mujila wamekutana pia kwenye kazi moja, video ambayo neno Kasala limo kwenye jina lake, picha za mmoja na maneno ya mwingine. Naona haikuwa bahati tu. Mpiga picha ana watu wasio na majina. Mshairi ana desturi ya kuita majina, naye anaishi mbali na mahali penyewe. Kila mmoja anashika nusu ya karatasi ya herbier.

Na kabla yao, hapa hapa kwetu, kuna aliyewahi kushika karatasi nzima. Tshibumba Kanda Matulu alikuwa mchoraji wa kawaida, wa kuuza michoro mtaani. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi hii katika michoro karibu mia moja, na kila mchoro aliueleza kwa mdomo mbele ya mwalimu wa chuo, Johannes Fabian, aliyekuwa anarekodi. Alieleza kwa Kiswahili, Kiswahili chetu hiki cha kupondaponda ambacho tunafichaga tukifika Dar es Salaam. Ndani ya michoro aliandika majina na tarehe. Kitabu cha Fabian kilitoka 1996, wakati huo Tshibumba mwenyewe alikuwa ameshapotea tangu mwanzo wa miaka ya 1980, hakuna aliyejua aliko. Fikiria michoro ile ingebaki bila sauti yake. Ingekuwa mapambo mazuri ya rangi kwenye ukuta wa mtu wa Ulaya. Sauti njo inayoifanya kuwa historia, na sauti ile inasema lugha ya nyumbani.

Nimezunguka hivyo ili nifike kwetu. Mutshatsha ni mji wa reli. Njia ya kutoka Tenke kupitia Kolwezi mpaka Dilolo ilikutana na ile ya Angola mwaka 1931, na shaba ikaanza kushuka mpaka bahari, Lobito. Mwaka 1975 vita ya Angola ikaifunga. Machi 1977 wapiganaji waliotoka Angola wakaingia, wakachukua Dilolo, Kasaji, na Mutshatsha yenyewe. Aprili jeshi la Mobutu likairudisha kwa msaada wa Wamoroko. Njo siku zile dunia ilisikia jina la mji wetu kwenye redio, kama jina la mstari wa mbele. Wenyeji waliokimbilia porini na watoto mgongoni hawakutajwa. Leo jina linarudi tena. Mwaka 2015 Angola ilifungua upya reli yake mpaka mpakani, Julai 2023 njia ile ikakabidhiwa kwa kampuni za kigeni, na sasa kila mkutano ni "Corridor de Lobito". Kwenye ramani za mikutano ile sisi ni nukta juu ya mstari. Matricule nyingine.

Na kuna picha zinazopigwa sasa hivi, kila mwezi, Lualaba nzima, ambazo wasanii hawazijui lakini sisi wenye licence ya agronomia tunazijua vizuri, kwa sababu kwa wengi wetu ndiyo kazi ya kwanza tunayopata. Ni picha za inventaire. Mradi ukitaka ardhi, sheria inadai wenye mashamba walipwe, basi timu inapita. Unapima shamba kwa GPS. Unahesabu miembe, mipapai, miparachichi: mchanga, wa kati, unaozaa. Unahesabu mihogo kwa meta za mraba. Mwisho mwenye shamba anasimama mbele ya mimea yake, anashika kifuani kibao chenye code, unampiga picha. Nimefanya kazi hiyo, na kwa upande wake ni kazi ya haki: bila picha ile, mama hana ushahidi, na asiye na ushahidi halipwi. Lakini iweke kando ya picha za Union Minière alizokata Baloji. Mtu amesimama wima, haongei, na namba kifuani. Miaka tisini imepita, na tumebadilisha kamera tu.

Ubaya wake si kwamba jina halipo. Jina limo kwenye fomu. Ubaya ni kwamba picha ile inapigwa ili shamba lifutwe. Inahesabu mwembe lakini haiandiki nani aliupanda, aliupanda mtoto gani alipozaliwa, na kwa nini watu wa kijiji wanakutania chini yake. Siku pesa ikilipwa, faili inafungwa, na lile shamba linakuwa limekumbukwa kwa mara ya mwisho.

Nitatoa mfano mmoja wa kinyume. Mwaka jana mtu alituma kwenye kundi letu picha ya wanaume saba wa kazi ya reli, wamekaa juu ya mataruma. Nilimpelekea nkambo yangu upande wa mama, aliyefanya kazi ya reli. Nikaikuza kwenye simu, akaishika karibu na jicho lake zuri. Hakuniambia "huyu fulani, huyu fulani". Aliniambia huyu ni mtoto wa nani, alitoka mugini gani, alioa wapi, yeye njo alipanda miembe ya kando ya barabara, na walikuwa wanamtania kwa jina gani kwa sababu hakuweza kula bukari bila sombe. Nkambo si Muluba na neno kasala halitumii, lakini alichofanya hakikuwa na tofauti kubwa. Aliwaita watatu. Wanne aliwaangalia muda mrefu, akasema: "Hawa ningewauliza wale watatu." Wale watatu wamekufa.

Njo hapo ninapotofautiana na wenzetu wanaosema kwamba kupiga picha peke yake kunatosha, kwamba "picha inajieleza". Haijielezi. Picha inaonyesha kwamba palikuwa na mtu. Haisemi ni nani. Pia natofautiana na wanaosema tuwaachie wasanii. Msanii ana haki ya kutoandika jina la mji, kama Mwanza Mujila, au kuacha mtazamaji ajisumbue, kama Baloji. Kazi yao ni kutufanya tushituke, na wameifanya. Baloji amefanya na zaidi: pamoja na wenzake aliunda Lubumbashi, mwaka 2008, mkutano wa sanaa walioupa jina la Kiswahili, Picha, ili kazi hizi zionekane nyumbani pia. Lakini msanii hawezi kujua nani alipanda miembe ya Mutshatsha. Sisi tunaweza kujua, na kwa muda mfupi tu, kwa kuwa wanaojua wanapungua kila msimu wa baridi.

Mtu atasema: kuandika majina kuna hatari, hasa majina na ardhi, katika nchi ambayo hati ya shamba inaweza kukuletea kesi. Ni kweli. Njo maana jina linaandikwa kwa ruhusa ya mwenyewe, na mengine yanabaki ndani ya familia. Lakini kubaki ndani ya familia si kupotea. Kupotea ni pale hata familia haijui.

Kwa hiyo pendekezo langu ni lile la herbier, na halihitaji bajeti wala projet. Ukipiga picha ya kwenu, au ukipokea ya zamani, usiitume kabla hujaandika mambo matano: nani, wapi, lini, nani alipiga, na palilimwa au paliota nini. La tano najua ni la watu wa agronomia, lakini lishikeni, kwa sababu njo jambo ambalo nyaraka zote za kampuni zimesahau. Halafu bonyeza mikrofoni ya simu na mwache mzee aseme, kwa Kiswahili, Kilunda, Kitshokwe au Kiluba, namna anavyosema yeye, bila kumharakisha afike kwenye tarehe. Akianza kuimba, usizime.

Na ninyi mnaoandika mémoire mwaka huu, wa agronomia, historia, hata wa droit: mnapita vijijini na dodoso zenu, mnauliza umri, ukubwa wa shamba, mavuno kwa hekta. Ongezeni mstari mmoja kwenye dodoso. Nani alianza kulima hapa? Jury haitawapa pointi kwa hilo. Lakini siku shamba lile litakapokuwa shimo, au njia ya treni ya pili, mahali pekee duniani ambapo jina la yule mtu limeandikwa patakuwa ukurasa wenu, juu ya etajeri yenye vumbi, likingoja mtu wa kulishusha na kulisoma kwa sauti.